Kisukari za harusi ya Jumamosi

Harusi ya binti wa mjomba ilipangwa Jumamosi, na mjomba alitaka ndizi za kisukari ziive siku hiyohiyo, si Ijumaa wala Jumapili. Kwetu Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, hiyo ndiyo ndizi ya kumwekea mgeni: fupi, ganda jembamba, utamu wenye uchachu kwa mbali. Lakini haina subira. Ikiiva sana huchomoka yenyewe kwenye chana na kupasuka shingoni.

Jumatatu mjomba alipita shambani kuchagua mikungu. Rangi hakuitazama kabisa, alipapasa kona. Ndizi changa ina kona unazozihisi kwa kidole gumba. Iliyokomaa imejaa, imeviringana, na ua kavu la nchani hudondoka likiguswa. Mkungu mmoja mkubwa ulikuwa umeangushwa na upepo ukiwa bado na kona, na jirani akashauri nao uvumbikwe.

"Aa, bwana, huo utageuka njano tu. Mdomoni ni ukakasi mtupu."

Ukaenda kupikwa.

Kila mgomba ulitiwa panga usawa wa kifua, nusu ya unene, ili uiname polepole, na mtu akaupokea mkungu begani kabla haujagusa ardhi. Kisukari ikikwaruzwa leo huoni kitu; doa jeusi hujitokeza ikishaiva. Jioni chana zilitenganishwa, zikalazwa juu ya majani mabichi, mkato ukitazama chini, utomvu uchuruzike usiku kucha.

Shimo lilikuwa na kina cha mita 1 hivi, mahali pasipotuama maji. Kwanza majani makavu ya mgomba yalichomwa humo kukausha udongo, majivu yakazolewa. Yakatandikwa majani makavu mengine chini na kandoni, chana zikapangwa, zikafunikwa kwa majani, fito, kisha udongo. Ubavuni liliachwa tundu la kupitishia moshi wa pumba za mpunga, na mimi ndiye niliyepewa kulichunga. Moshi huo una ethilini, gesi inayoamsha kuiva. Mwali hautakiwi hata kidogo, maana shimo likipata joto kali ndizi hulainika ndani huku ganda limebaki kijani.

Kila asubuhi mjomba alilifunua kwa nusu saa. Ndizi iliyovumbikwa inapumua, inatoa joto na kaboni dioksaidi, na hewa hiyo ikijaa shimoni kuiva kunadumaa. Wengi huliziba na kulisahau, halafu wanazilaumu ndizi.

Alhamisi zilitolewa shingo zikiwa bado na ukijani, zikatundikwa chumba cha nyuma chenye ubaridi, zisigusane. Jumamosi asubuhi zote zilikuwa njano, vidoa vya kahawia ndiyo kwanza vinaanza, na hapo ndipo kisukari huwa tamu kuliko siku nyingine yoyote. Zikapelekwa kwenye sinia zikiwa bado na chana zake.

Mjomba alikuwa ameacha chana chache bila kuzivumbika kwa ajili ya wageni wa Dar es Salaam. Zilizoiva zingefika Mikese, njiani tu, zimeshapukutika garini.