Nilivyopata molekuli inayoua malaria sugu na kuyeyuka majini

Mwaka 2001 Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, maana vimelea vilishakuwa sugu. Wengi tunaikumbuka kwa uchungu wake na kuwashwa mwili mzima. Kwa mkemia, hata hivyo, molekuli ile bado ina kazi, na utafiti wangu wa uzamili niliuelekeza huko.

Klorokwini hujikusanya kwenye tumbo la kimelea, penye tindikali, ikaizuia himu isigeuke fuwele. Himu hiyo hutokana na hemoglobini ambayo kimelea kimekula, na isipogeuzwa ni sumu kwake. Kimelea sugu kina protini iliyobadilika, PfCRT, inayoitoa dawa nje ya tumbo hilo. Lakini tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba mkia wa klorokwini, yaani mnyororo wa atomi unaoning'inia kwenye pete zake, ukifupishwa, hata vimelea sugu hufa. Nikashika njia hiyo.

Malighafi ni 4,7-diklorokwinolini. Unaichanganya na amini (kampaundi yenye naitrojeni) yenye mkia unaoutaka, amini ikiwa nyingi kupita kiasi, kisha unapasha moto kwa saa kadhaa. Klorini iliyo nafasi ya namba 4 kwenye pete hutoka, amini ikakaa mahali pake. Ya namba 7 lazima ibaki, bila hiyo nguvu hushuka sana. Nilifuatilia kwa bamba la silika, linalotenganisha kampaundi kuwa madoa, chini ya taa ya urujuanimno: doa la malighafi linafifia juu, doa jipya linatokea karibu na mstari wa kuanzia, limeburuta kama wino uliolowa. Matone machache ya trietilamini kwenye kiyeyusho huliweka sawa.

Kampaundi zenye pete ya benzini mwishoni mwa mkia zilinisumbua. Kwenye DMSO, kiyeyusho cha maabara, ziliyeyuka, ila zikiingia kwenye maji ya kuoteshea vimelea zinageuka ukungu. Hapo hujui kimelea kimepata dawa kiasi gani, kwa hiyo namba utakayosoma haina maana. Nikaweka morfolini, pete yenye naitrojeni na oksijeni, badala ya pete hiyo: ikayeyuka, lakini nguvu ikapungua. Naitrojeni yake ni besi dhaifu, nadhani haikuvutwa vya kutosha na ile tindikali. Pirolidini, pete nyingine yenye naitrojeni iliyo besi kali zaidi, ndiyo iliyonitoa. Chumvi yake ya haidrokloraidi iliyeyuka majini papo hapo, nilifurahi mno!

Majaribio yenyewe huchukua saa 72. Vimelea vinakuzwa ndani ya chembe nyekundu za damu, halafu unaongeza rangi ya SYBR Green, inayong'aa ikishika DNA. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, kwa hiyo mwanga unaousoma ni wa kimelea. Kila sahani ya majaribio niliweka klorokwini pia. Ilitakiwa iue aina ya vimelea ya 3D7, isiyo sugu, kwa kiwango kidogo na isumbuke kwa Dd2, ambayo ni sugu. Isipofanya hivyo, sahani nzima siihesabu.

Kampaundi ya pirolidini iliziua aina zote mbili kwa viwango vilivyokaribiana, na seli za Vero, za figo ya nyani, zilivumilia kiwango kikubwa zaidi ya hapo. Sasa naipitisha kwenye vimeng'enya vya ini, nione mkia unadumu kwa muda gani kabla ya kukatwa.