Wageni Waliojenga Mashiko

Kila Jumapili ambayo kiwanda hakituhitaji kwa kazi ya ziada, hupanda treni ndogo ya dizeli kutoka Moka, mji wa mkoa wa Tochigi, Japani, ninakoishi kwa mwaka wa tisa sasa, na kabla ya nusu saa kwisha huwa nimeshuka Mashiko. Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta bakuli. Nilichoshwa na vyombo vya plastiki vya bwenini, nikataka kitu kizito cha kulia, na mwenzangu wa kazini akaniambia kwamba huko kuna barabara nzima ya maduka ya vyombo vya udongo. Nikachagua bakuli la rangi ya kahawia iliyoiva, nikaligeuza kuangalia chini, nisione jina wala muhuri. Nilipomuuliza mwenye duka limefinyangwa na nani, alijibu kwa neno moja tu: Mashiko.

Jibu lile lilinikumbusha nyumbani. Mimi ni mtu wa Kyela, Tanzania, na vyungu nilivyovijua utotoni ni vya Wakisi, ambavyo wanawake wa Ikombe huvifinyanga kwa mikono yao, bila gurudumu, kisha huletwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Hatukuwa na desturi ya kuuliza jina la mama aliyekifinyanga chungu. Tulikigonga kwa kidole, tukasikiliza kama kina ufa, tukapatana bei. Kwa hiyo nilidhani nimeshaielewa Mashiko: kijiji cha wafinyanzi, udongo wao, damu yao, watoto kwa wajukuu. Nilikosea kabisa.

Ufinyanzi wa Mashiko si wa kale kama nilivyodhani. Ulianza mwaka 1853, pale Otsuka Keizaburo, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo Kasama katika mkoa jirani wa Ibaraki, alipojenga tanuri lake hapa. Kwa miongo mingi mji huu ulitengeneza vyombo vya jikoni kwa ajili ya nyumba za Tokyo: mitungi ya maji, bakuli za kusagia, mabuli ya chai. Udongo wenyewe ni wa chembe kubwa na haukubali kufinyangwa mwembamba, jambo ambalo halikumsumbua mtu aliyetaka mtungi wa kuweka maji. Mabuli yalichorwa mandhari ya milima na mito, na mchoraji aliyejulikana kuliko wote alikuwa mwanamke, Minagawa Masu, aliyeanza kazi hiyo akiwa mtoto, akachora mamia ya mabuli kwa siku hadi mkono wake ukawa unakwenda wenyewe. Kisha jikoni za mjini zikabadilika, zikaingia gesi na vyombo vya chuma, na soko likaanza kufifia.

Hapo ndipo alipofika Hamada Shoji. Alizaliwa Kawasaki mwaka 1894, akasoma shule ya ufundi mjini Tokyo, akafanya majaribio ya udongo na moto katika taasisi ya ufinyanzi mjini Kyoto, na mwaka 1920 akasafiri hadi Uingereza pamoja na mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach, wakajenga tanuri katika mji wa St Ives, pwani ya Cornwall. Aliporejea Japani aliichagua Mashiko mwaka 1924, ingawa hakuwa na ndugu wala shamba huko. Alijifunza kwa mafundi wa mabuli na mitungi, akatumia udongo wao uleule mgumu na mawe yaleyale ya kienyeji, na baadaye akanunua nyumba kongwe za wakulima na kuzihamishia kwenye kiwanja chake. Leo nyumba hizo zimo ndani ya makumbusho ya Sankokan, aliyoifungua mwaka 1977, mwaka mmoja kabla ya kufariki.

Wajapani wengi wanamtaja Hamada kana kwamba ndiye Mashiko yenyewe. Mimi, niliyeulizwa mara zisizohesabika nitarudi kwetu lini, nimependa kukumbuka kwamba alikuwa mtu wa kuja, na kwamba wengi wa mamia ya wafinyanzi walioko hapa leo ni watu wa kuja vilevile, wa kutoka Tokyo, Osaka na hata ng'ambo.

Mmoja wa watu hao wa kuja ndiye ninayemsaidia siku za Jumapili. Ni mzee wa miaka sabini na ushee, nami humwita Sensei, yaani mwalimu, kama wanavyomwita wote. Alinipokea kwa sababu nilikuwa nikirudi dukani kwake kila mwezi bila kununua kitu. Kwanza alinipa kazi ya kufagia, halafu akanionyesha namna ya kukanda udongo. Bonge husukumwa kwa kiganja cha mkono mmoja na kuzungushwa kidogo kwa mwingine, mara kwa mara, hadi mikunjo yake inafanana na ua lenye petali nyingi na hewa yote imetoka. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki, kinaweza kukiharibu chombo. Wao husema kwamba kukanda peke yake ni masomo ya miaka 3. Mimi ninaingia wa nne, na bado kuna siku Sensei hulikata bonge langu kwa waya, akalitazama tumboni, akalirudisha mezani bila kusema neno.

Siku ambayo sitaisahau ni ile niliyobeba ubao wa mabakuli mabichi begani, mabakuli 14 yaliyokuwa yanasubiri kukauka. Jirani alinisalimu kwa nyuma, nikageuka kumwitikia kama mtu aliyelelewa Kyela anavyopaswa kugeuka, na ncha ya ubao ikagonga mwimo wa mlango. Yote yakaanguka. Nilipiga magoti kuomba radhi mpaka paji la uso likagusa sakafu. Sensei aliyaokota mabonge yaliyobonyea, akayatumbukiza kwenye ndoo ya maji, akasema kwamba ule bado ni udongo tu. Kisha akaniagiza niukande upya, wote, siku ileile.

Majira ya baridi huwasha tanuri lake la kuni, noborigama, lenye vyumba vitatu vinavyopanda mteremko kama ngazi, ili moto wa chumba cha chini upashe moto cha juu. Wafinyanzi wengi wa hapa sasa wanatumia gesi, na tetemeko la Machi 2011 liliyabomoa matanuri mengi ya kuni, likiwemo la Hamada mwenyewe, ambalo lilijengwa upya na wafinyanzi wakaliwasha kwa pamoja. La Sensei lilipona upande mmoja. Tunalisha kuni za msonobari mwekundu kwa zamu usiku kucha, hadi joto linapokaribia nyuzi 1,300, na kwenye tundu la kuchungulia chombo hakionekani tena kama chombo bali kama mwanga wenye umbo. Nywele za mikono yangu huungua kila mwaka.

Kitu kinachokipa chombo ngozi yake ya kung'aa, wafinyanzi wa hapa hukiita kusuri, yaani dawa, na neno hilo limenisaidia kuliko maelezo marefu. Dawa ya kahawia ya Mashiko hutokana na jiwe la kienyeji linalosagwa, na ile nyeupe huchanganywa na majivu ya pumba za mpunga. Hamada alikuwa akichota dawa kwa kata na kuimwaga juu ya sinia kubwa kwa mkupuo mmoja, mstari ukajiandika wenyewe. Mgeni aliyemwona akifanya hivyo alishangaa kwamba kazi ya sekunde 15 inauzwa ghali, naye akajibu kwamba muda huo uhesabiwe kuwa miaka 60 na hizo sekunde 15.

Wanafunzi wake hawakuruhusiwa kuishia kuwa vivuli vyake. Shimaoka Tatsuzo, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1919, alipelekwa vitani Burma, akawa mateka, akarudi mwaka 1946 na kukaa kwa Hamada kama mwanagenzi kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1953 akajenga tanuri lake jirani kabisa na la mwalimu wake. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka kamba za hariri. Shimaoka alizichukua kamba hizo, akazikunja juu ya udongo mbichi zikaacha alama, akazijaza alama kwa udongo mweupe, na huo ukawa mtindo uliomfanya atangazwe na serikali kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ya mafundi mabingwa, mwaka 1996. Mwalimu alimfundisha gurudumu na tanuri, lakini alama za kazi yake alizipata kwa baba yake.

Jina hilo la Hazina Hai lina uzito. Wafinyanzi wa kwanza walipewa mwaka 1955, Hamada akiwa mmojawapo pamoja na Tomimoto Kenkichi, Arakawa Toyozo na Ishiguro Munemaro, na serikali humlipa mwenye nalo yeni milioni 2 kwa mwaka ili aendeleze na kufundisha kazi yake. Rafiki wa Hamada, Kawai Kanjiro wa Kyoto, alilikataa. Hamada naye aliacha kuweka muhuri kwenye vyombo vyake alipohamia Mashiko, na watu humsifu kwa unyenyekevu huo. Lakini chombo kilitoka kwake ndani ya sanduku la mbao lenye maandishi ya mkono wake, na leo chombo chake kisicho na sanduku huuzwa kwa bei pungufu. Nisamehewe nikisema kwamba jina halikufutwa, lilihamia kwenye kifuniko.

Kwingine jina hufanya kazi nyingine kabisa. Katika kijiji cha Onta, kwenye milima ya Oita huko Kyushu, familia kama kumi hivi zinatwanga udongo kwa michi mikubwa inayoinuliwa na maji ya kijito, mchana na usiku, na hakuna anayeandika jina lake, kwa kuwa chombo ni cha Onta. Huko Arita, mkuu wa ukoo wa Kakiemon hubadilisha jina lake kisheria na kuwa Kakiemon; wa sasa, aliyelirithi mwaka 2014, ni wa 15. Na katika eneo la Bizen, ambako vyombo havitiwi dawa kabisa na hupambwa na majivu na miali tu, kuna kisa cha Fujiwara Kei, mtoto wa mkulima aliyekwenda Tokyo kuwa mwandishi, mambo yakamshinda, akarudi kwao akikaribia miaka 40 na ndipo akashika udongo. Naye alipewa heshima ile, mwaka 1970. Kisa hiki nimewahi kuwasimulia vijana wa bwenini waliodhani wamechelewa kila kitu.

Lakini ukoo ninaoufikiria zaidi uko Miyama, Kagoshima. Vita vya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, dhidi ya Korea vilipokwisha mwaka 1598, mabwana wa magharibi mwa Japani walirudi na mateka wafinyanzi, na ndivyo ufinyanzi wa Arita, Hagi na Satsuma ulivyoanza. Ukoo wa Shim ulikuwa miongoni mwa waliopelekwa Satsuma, jina la kale la Kagoshima, nao haujaliacha jina lake la Kikorea, ingawa Wajapani hulitamka Chin. Wakuu wake huitwa Chin Jukan, na sasa wamefika wa 15. Vyombo vya kale zaidi vya huko viliitwa hibakari, "moto tu", kwa sababu udongo ulikuwa wa Korea na mikono ilikuwa ya Wakorea, moto peke yake ndio ulikuwa wa Japani. Mwaka 1998, miaka 400 ilipotimia, mambo yaligeuzwa: moto uliwashwa Namwon, Korea, ukavushwa baharini hadi Miyama, ukakutana na udongo wa Japani.

Nilipomsimulia Sensei habari za kwetu, yeye ndiye aliyenirudisha St Ives. Wakati Hamada akiwa bado huko, mwaka 1923, alifika Mwingereza kijana, Michael Cardew, kujifunza kwa Leach. Cardew baadaye alikwenda Afrika Magharibi na kuanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja ya zamani, mji uitwao Suleja leo, Nigeria, na katika miaka ya 1970 akapita hapo binti wa Nairobi, Magdalene Odundo. Vyombo vya Odundo havina dawa wala gurudumu. Hufinyangwa kwa mkono, husuguliwa hadi vikang'aa na kuchomwa viwe vyekundu au vyeusi. Sensei alikuwa na picha ya kimoja, aliyoikata gazetini zamani na kuibandika juu ya sinki.

Mwaka jana mama mdogo alinitumia chungu cha Lyulilo kupitia kwa Mtanzania aliyekuwa anakuja Tokyo, kimefungwa ndani ya khanga tatu, kikafika kizima. Nilimpelekea Sensei. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya ukingo, akakigonga na kukisikiliza kama tulivyokuwa tukifanya sokoni, kisha akaniuliza kama kweli kinawekwa juu ya moto wa mafiga. Vyombo vyake vya Mashiko vingepasuka, alisema, kwa kuwa udongo ulioiva kwenye joto kali vile hauna tena nafasi ya kutanuka. Nikamweleza kwamba hiki huchomwa kwa moto wa wazi, juu ya ardhi, na kwamba maharage yakichemkia humo huwa na ladha yake. Akaniuliza huchukua saa ngapi. Jumapili ijayo naenda na kilo moja ya maharage, na kuni za msonobari zipo tayari, zilizobaki tangu uchomaji wa mwisho.