Nilivyoyapa mafuta ya alizeti nguvu ya kulainisha mnyororo wa msumeno

Oili ya mnyororo wa chenso, yaani msumeno wa injini, hairudi kwenye tangi. Mnyororo unazunguka na kuirusha, nayo inaishia kwenye vumbi la mbao, kwenye majani na ardhini. Wapasua mbao wengi ninaowafahamu Mufindi hutumia oili chafu iliyotolewa kwenye injini za magari, kwa kuwa ni rahisi. Nilipopata nafasi ya kufanya utafiti katika uhandisi wa mitambo, mada yangu ilikuwa hiyo: kupata mafuta ambayo yakimwagika msituni yanaoza.

Nilichagua alizeti. Molekuli zake zina upande unaong'ang'ania chuma, na mnato wake, yaani uzito wake katika kutiririka, hauyumbi sana joto likipanda. Fahirisi yake ya mnato, namba inayokuwa kubwa kadiri mnato usivyoyumbishwa na joto, ni karibu 200, wakati oili itokanayo na mafuta ghafi isiyo na viongezeo huwa karibu 100. Ila mzigo ukizidi, utando wake hukatika na chuma kikasagana na chuma. Hapo ndipo chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinapoingia: hujaza vijimikwaruzo na kutenganisha nyuso mbili zinazosuguana.

Oksidi ya shaba inasifiwa sana kwa kazi hii, lakini niliiacha. Shaba huharakisha mafuta kuchacha, na sikutaka kuimwaga kwenye udongo. Nikachukua dioksidi ya titani ya aina ya rutile, kwa sababu aina yake nyingine, anatase, ikipigwa na mwanga wa jua huchochea mafuta kuharibika haraka zaidi.

Kazi kubwa ni kuzifanya chembe zielee. Ukimimina unga mkavu kwenye mafuta na kukoroga, yanakuwa meupe kama maziwa. Ukirudi baada ya muda unakuta juu kumeanza kung'aa na chini kuna tabaka zito jeupe. Chembe hizo hupendana zenyewe kuliko zinavyopenda mafuta. Kwa hiyo niliukausha unga kwenye oveni kuondoa unyevu, nikauvisha asidi ya oleiki, ambayo upande mmoja hushika titani na mkia wake hukubaliana na mafuta. Kisha nikatumia mashine ya mawimbi ya sauti kuvunja mabonge, chombo kikiwa ndani ya maji ya barafu ili mafuta yasiungue. Barakoa ni lazima wakati wa kupima unga, maana vumbi lake halifai kabisa kuingia mapafuni.

Kupima nilitumia mashine ya gololi nne. Gololi tatu za chuma zenye kipenyo cha milimita 12.7 hubanwa chini, ya nne inazunguka juu yake mara 1,200 kwa dakika, kwa mzigo wa kilo 40 na joto la nyuzi 75, saa nzima. Halafu unaangalia kwa hadubini kovu ambalo msuguano umeacha kwenye gololi za chini; likiwa dogo, mafuta yamelinda vizuri. Kwa alizeti tupu, kovu lilikuwa pana, lenye mifereji mirefu inayofuatana. Kwa mafuta yenye chembe karibu nusu asilimia ya uzito, kovu lilipungua na mifereji ikawa myembamba, mingine imefutika. Nilipoongeza chembe kufikia asilimia moja, kovu lilianza kupanuka tena: zikizidi hushikana na kukwaruza. Wanaodhani kuongeza ndiyo kuboresha wapime wenyewe.

Mpasua mbao mmoja, mtu mzima, aliniuliza, "Mwanangu, haya si yatagandia ndani ya pampu?" Swali lake lilikuwa zito kuliko mengi niliyoulizwa maabara. Chembe za titani haziyazuii mafuta kugeuka ulimbo. Asidi ya linoleiki iliyomo kwenye alizeti hushikwa na oksijeni upesi. Kwa hilo niliongeza BHT, kizuia-oksidi kinachotumika hata kwenye vyakula, na nikayahifadhi kwenye galoni jeusi. Nilimweleza pia kwamba msumeno ukikaa bila kazi kwa muda mrefu, tangi la mafuta limwagwe lote na mnyororo ufutwe, na galoni litikiswe vizuri kabla ya kujaza tena.