Siku moja na paipu, Glasgow: Jumamosi ya harusi

Juni ni msimu wa harusi Uskoti. Mpiga paipu (ala ya kupuliza yenye mfuko na mabomba, bagpipe kwa Kiingereza) aliyekodiwa kwa saa nane mchana huanza kazi saa moja asubuhi, ingawa kupiga kwenyewe hakufiki saa nzima. Muda mwingine wote unaliwa na mambo mawili: hewa isivuje, na maji yasifike yasikotakiwa.

Saa 1 asubuhi

Nafungua sanduku na kujaribu kila kiungo kwa mkono. Paipu kubwa ya Uskoti ina mfuko wenye soketi tano: ya bomba la kupulizia, ya chanta (bomba lenye matundu ya vidole), na tatu za droni (mabomba yanayoshikilia sauti moja bila kubadilika), yaani tenori mbili na besi moja. Kila kiungo kimezungushiwa uzi wa katani. Hewa ikiwa kavu mbao hunywea na uzi hulegea. Ukipiga sana uzi hunywa unyevu, unafura, na kiungo kinagoma kutoka. Viungo vya kwenye soketi viingie kwa kuzungusha na visitikisike. Sehemu ya juu ya droni, ile ya kutyuni (kulinganisha sauti), iteleze kwa mkono mmoja lakini isishuke yenyewe.

Kilicholegea nakiongezea mizunguko miwili mitatu ya uzi wa njano wenye nta ya nyuki, kisha naubingirisha chini ya kibao ulale bapa. Uzi wa ndani kabisa, unaogusa mbao, uwe mweusi wenye nta ya mafundi viatu, huo hung'ang'ania. Usikaze kupita kiasi, soketi itapasuka. Mara nyingi inayotangulia kupasuka ni ile ya bomba la kupulizia, kwa kuwa inapokea pumzi ya moto yenye maji muda wote.

Mbao zenyewe ni mpingo, ule ule wa Kilwa na Lindi. Mwaka 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iliingizwa kwenye masharti ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) na wapiga paipu wakawa na hofu ya mipaka. Tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo. Kinachosumbua hadi leo ni paipu za zamani zenye pete za pembe za ndovu. Hizo usizipeleke Marekani bila kibali.

Saa 2

Mfuko. Naziba soketi nne kwa vizibo vya mpira, napuliza hadi mfuko ugome, nasubiri nusu dakika, kisha napuliza tena. Ukipokea zaidi ya kipumzi kidogo tu, unavuja. Kwanza shuku vali ya bomba la kupulizia: ondoa bomba mdomoni, weka shavu kwenye tundu lake, ubonyeze mfuko. Ukisikia upepo, kifuniko cha vali kimechoka, na kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Vali ikiwa nzima, pitisha maji ya sabuni kwenye mishono na shingo za soketi utafute mapovu. Mfuko wa ngozi ya kondoo hutibiwa kwa dawa yake: unaipasha kwenye maji ya moto, unaimimina ndani, unakanda mshono kwa vidole, unaning'iniza mfuko ziada itoke. Ngozi hufyonza maji ya pumzi vizuri kuliko kitambaa cha Gore-Tex. Wenye Gore-Tex hulazimika kuweka kikinga maji ndani, na kukimwaga kila baada ya kupiga.

Saa 3

Hapa ndipo asubuhi inapoishia. Ridi, kitu kinachotetemeka na kutoa sauti, kwa chanta ni vipande viwili vya matete vilivyofungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma. Ridi kavu hupiga kelele ya kukwaruza na hutaka pumzi nyingi. Iliyolowa mno hulegea na nota za juu hukoroma. Naipuliza mdomoni kidogo, naisikiliza, naisukuma kwenye kiti chake.

Kisha kipimo cha shinikizo: mpira mwangavu uliokunjwa umbo la U, wenye maji, ukiunganishwa na soketi moja ya droni. Wengi tunapiga kati ya sentimita 60 na 80 za maji. Namba si hoja sana. Tazama maji: yakipanda na kushuka kila unapovuta pumzi, mkono haubonyezi mfuko kwa wakati, na hakuna kutyuni kutakakoliponya hilo.

Droni zina ridi za ulimi mmoja, siku hizi mara nyingi za plastiki. Naziba soketi ya chanta na kuongeza nguvu polepole. Droni zote tatu zinatakiwa zinyamaze juu kidogo tu ya shinikizo la kupigia. Inayonyamaza mapema naisogezea pete inayobana ulimi wa ridi ili ulimi uwe mrefu. Inayokula hewa bila kushiba naufupisha. Wanaoanza hulaumu mapafu, kumbe tenori moja inakunywa hewa ya zote.

Saa 5

Safari. Sanduku halikai kwenye buti la gari chini ya jua. Ndani kuna ridi mbili za akiba zilizokwisha kupigwa (mpya kabisa haikusaidii siku ya kazi), uzi, tepu ya umeme, kitambaa, vizibo na plagi za masikio, maana paipu hupita desibeli 100.

Saa 7 mchana

Kutyuni, hapo hapo patakapopigwa. Dakika 15 hadi 20 za kupasha kwanza, kwa kuwa joto hupandisha sauti ya chanta, na ukityuni ikiwa baridi utarudia yote.

Naanza na chanta pekee. Nikilinganisha A ya juu na A ya chini, ya juu ikiwa chini ya inavyopaswa nasukuma ridi ndani. Ikizidi naivuta nje kidogo. Nota moja ikiwa juu, kipande cha tepu kwenye ukingo wa juu wa tundu lake huishusha. Baada ya hapo tenori ya nje dhidi ya A, ya pili dhidi ya ile ya kwanza, besi mwisho. Kurefusha droni hushusha sauti, kufupisha hupandisha. Sauti zinapokaribiana unasikia wimbi. Linapungua kasi hadi linapotea. Acha hapo, usiendelee kuhangaika.

A ya chini leo iko karibu na Hz 480, juu ya B bapa ya piano yenye Hz 466. Kwa hiyo bibi harusi akiomba paipu na kinanda cha kanisa pamoja, ama ulete chanta maalumu ya Hz 466 ama ukatae mapema.

Saa 8

Napiga wageni wakiingia, maharusi wakitoka. Kofi moja kwenye mfuko, droni zote zinaamka pamoja, mkono unabana, chanta inaanza na E. Mvua ikinyesha, nasimama chini ya mlango. Ridi ya besi ikilowa inanyamaza katikati ya wimbo wa gwaride.

Saa 11 jioni

Nachomoa kila bomba na kupitisha kitambaa kikavu, kuanzia la kupulizia. Si usafi wa maonyesho. Mwaka 2016 madaktari wa Manchester waliandika katika jarida la Thorax kuhusu mpiga paipu aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na kuvu waliokutwa ndani ya ala yake. Chanta inatoka, ridi inaingia kwenye kofia yake yenye matundu ili ikauke taratibu.

Saa 1 usiku

Mwanafunzi mmoja, chanta ya mazoezi mezani, isiyo na mfuko. Huu ni mwezi wake wa tano wa kujifunza, na swali ni lile lile: aagize paipu ya bei poa mtandaoni? Nyingi za hizo hutoka Sialkot, Pakistani, za mbao za shishamu, na nyingine hutobolewa kwa ajili ya kupamba ukuta. Droni hazishiki sauti hata ukibadilisha ridi. Atafute iliyotumika ya mpingo, au mpya ya plastiki ya polipenko. Hiyo haipasuki.