IST haili mafuta tu

Ukiuliza Dar kuhusu gharama za Toyota IST, utajibiwa kwa mafuta: "inakula kidogo." Ni kweli, ila piga hesabu ya foleni ya Mbagala, si ya barabara ya Chalinze. Kilomita 40 kwa siku, siku 22, ni 880 kwa mwezi. Ikikupa kilomita 12 kwa lita, unachoma lita 73. Foleni ikiishusha hadi 9, zinafika 98. Zidisha hizo 25 za ziada kwa bei ya lita iliyotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, mwezi huo.

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Bampa lako utalinunua mwenyewe.

Oili ndiyo inayoua hizi gari. Kwa IST ya toleo la kwanza, injini zote mbili, ya 1.3 (2NZ) na ya 1.5 (1NZ), huchukua lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kopo la lita 4 linabakiza kidogo. Usimwachie fundi, kaa nayo kwenye buti. Mwaga kila kilomita 5,000. Ukizoea kuvuta hadi 10,000, ringi za oili kwenye pistoni huganda uchafu, oili inapita na kuungua. Chini hakuna tone, lakini ukikanyaga moshi wa bluu unatoka, na kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Kutia oili nzito ya 20W-50 ili "ishike" ni kuahirisha tu. Chomoa kijiti kila Jumamosi, injini ikiwa imepoa, gari likiwa sehemu tambarare.

Gia boksi ya otomatiki ya toleo hilo la kwanza inataka haidroliki aina ya T-IV, si nyekundu yoyote ya dukani. Ukifungua nati ya chini zinatoka kama lita 3, nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo mabadiliko ya mara moja hayasafishi yote.

Gari likigonga ko-ko-ko kwenye matuta, anza na linki za stebilaiza, vile vijiti vinavyoiunganisha na shokapu. Ni rahisi kuliko shokapu, ambazo mafundi wengi hukimbilia kwanza. Kelele ikibaki, angalia bushi za mikono ya chini. Ukishabadilisha bushi, pima alaimenti (mwelekeo wa magurudumu) siku hiyohiyo, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja tu. Na kabla hujalipia tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ubavuni mwake: 3519 maana yake ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019, hata kama bado inang'aa.