Siku moja maishani mwangu: kutoka uchoraji hadi kuongoza timu ya app ya pesa

Nimesomea uchoraji. Sasa naongoza wabunifu na wasanidi wa app ya kutuma pesa, hapa Dar es Salaam. Hii ni Jumanne ya kawaida. Vikao vingi nimeviruka, havina cha kujifunza.

Saa 2:00 asubuhi

Ripoti ya usiku kwanza. Seva, yaani kompyuta zinazoendesha huduma yetu, zinahifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko saa tatu nyuma yetu. Muamala wa saa 7:30 usiku wa kuamkia leo umeandikwa 22:30 ya jana. Ripoti isipogeuza muda kabla ya kugawa siku, miamala yote ya kati ya saa 6 na saa 9 usiku inaangukia jana, na daftari la wakala halilingani na letu. Hifadhi kwa UTC, lakini siku igawe kwa saa za Afrika Mashariki.

Saa 3:00

Mbunifu ameleta skrini yenye kitufe cha rangi ya chungwa, maandishi meupe. Kwenye kompyuta inapendeza. Hapa ndipo shule ya uchoraji inapolipa: mchoraji hukunja macho mpaka rangi zipotee, ubaki mwanga na giza tu. Nikikunja macho, maandishi yanayeyuka ndani ya kitufe.

Lakini macho yangu si hoja ya kumshinda msanidi, kwa hiyo tunapima. Maandishi ya kawaida yanatakiwa kuwa na uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandhari yake. Maandishi makubwa, 3 kwa 1. Nyeupe juu ya chungwa #FF9800 (hiyo ni namba ya rangi kwenye kompyuta) inatoa 2.2 hivi. Weka nyeusi juu ya chungwa ileile, unapata zaidi ya 9. Kwa kijivu mpaka ni mwembamba: #767676 juu ya nyeupe inapita kwa 4.54, #777777 inafeli kwa 4.48.

Sababu iko kwenye hesabu ya mwanga wenyewe. Kijani hubeba takriban asilimia 72 ya mwanga tunaouona kwenye skrini, nyekundu 21, bluu 7 tu. Kwenye skrini, njano ni nyekundu na kijani pamoja, ndiyo maana njano kali juu ya nyeupe haisomeki, na bluu kali inasomeka vizuri. Aliyewahi kupaka rangi anajua mkononi kwamba njano ni angavu na bluu ni nzito, kabla hajaiona fomula.

Kosa jingine la kila wiki ni kijani kwa "imefanikiwa" na nyekundu kwa "imeshindikana", bila alama. Asiyetofautisha rangi hizo mbili haambiwi chochote. Weka tiki na msalaba, kisha geuza simu iwe ya kijivu kupitia mipangilio ya wasanidi uone kama bado inaeleweka.

Saa 5:00

Kariakoo, kibandani kwa wakala, jua kali. Tunabeba simu za bei nafuu zenye akaunti za majaribio na pesa za bandia. Namba ya siri ya mtu hatuiombi, hata kwa mzaha.

"Shikamoo mama. Naomba utume elfu kumi kwa namba hii."

"Marahaba mwanangu. Nibonyeze hapa?"

"Ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Baada ya hapo ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mbunifu mgeni hunyoosha kidole kabla ya dakika kuisha. Leo tatizo ni sifuri. 10000 na 100000 zinafanana kwa anayesoma haraka. Tunaweka mkato, 10,000, na chini yake maneno: "elfu kumi". Akiona "laki moja" anashtuka kabla pesa haijatoka. Vitufe vilivyo chini ya dp 48 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini), kama milimita 7 na nusu, vinakoswa na vidole gumba, tumeviandika.

Saa 7:30 mchana

Gharama za meseji zimepanda. Msanidi amekagua seva, hakuna kitu. Mkosaji ni kikato cha ng'. Kile kilichonyooka (') kimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, meseji moja herufi 160. Kile kilichojipinda (’), ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe, hakimo. Kikiingia kimoja tu, meseji nzima inabadilishiwa mfumo na kikomo kinashuka hadi 70, na ikigawanywa, kila kipande kinabeba 67. Meseji ya herufi 150 iliyokuwa moja inalipiwa kama tatu. Tumeweka kichujio kinachonyoosha vikato kabla ya kutuma. Majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w hayakuwa na kosa lolote.

Saa 8:30

Kukagua msimbo wa programu. Malalamiko: pesa imetumwa mara mbili. Kitufe kikikaa kimya zaidi ya sekunde moja, mtu anabonyeza tena. Kukizima baada ya mbonyezo wa kwanza hakutoshi, maana mtandao unaweza kukatika baada ya seva kupokea ombi, na app ikarudia yenyewe.

Dawa ni kulipatia kila ombi namba ya kipekee. Msanidi ameizalisha pale kitufe kinapobonyezwa. Hapo mibonyezo miwili inapata namba mbili na seva inaona maagizo mawili halali. Izalishwe skrini ya kuthibitisha inapofunguka. Hifadhidata ikatae namba iliyokwishaingia, na seva irudishe jibu lilelile la kwanza.

Wabunifu nao wana deni. Walichora skrini mbili, ya kufanikiwa na ya kushindwa. Ya tatu, ya "hatujui bado", haikuchorwa, na ndiyo inayozuia mtu kutuma tena. "Inashughulikiwa" ina herufi 15 na haikatiki katikati, kwa hiyo kisanduku kipanuliwe, maandishi yasipunguzwe.

Saa 10:00 alasiri

Usaili wa binti aliyesomea sanaa, anayeogopa kwamba amechelewa. Namwambia: Susan Kare alikuwa na shahada ya uzamivu ya sanaa alipojiunga na Apple mwaka 1983. Alama ndogo (aikoni) alizochora kwa kompyuta ya Macintosh zilikaa kwenye miraba 32 kwa 32, kila mraba mweusi au mweupe. Namwonyesha pa kuanzia: HTML na CSS, lugha za kujenga kurasa za tovuti, mpaka aweze kujenga mchoro wake mwenyewe, kisha Git, ya kutunza matoleo ya msimbo, kisha SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ya kusoma tu. Kiongozi asiyeweza kuuliza hifadhidata swali atategemea picha anayochorewa na wengine.

Saa 11:00 jioni

Toleo jipya lilitoka saa 4 asubuhi kwa asilimia 5 ya watumiaji. Jioni hatuachii kitu. App kujifunga hakujaongezeka, miamala iliyokwama haijapanda, kesho twende asilimia 20. Skrini ya uthibitisho ina swichi kwenye seva: ikileta shida usiku, wa zamu anaizima bila kusubiri duka la app liidhinishe toleo lingine. Nimemwandikia swichi iko wapi, na kiwango cha miamala iliyokwama ambacho kikifikiwa aizime kwanza, anipigie baadaye.