Siku Moja Maishani Mwangu: Maabara ya Vimelea, Mwanza

Saa 1 asubuhi, nikitokea Igoma kwa daladala, napokea zamu, nakagua joto la inkubeta (kabati la joto la kuoteshea vimelea) na kuandika daftarini. Mikojo, vinyesi na slaidi za malaria zinanichukua hadi saa 4.

Hapo ndipo mama mmoja aliposimama dirishani. “Binti yangu, damu ya mzee mmeichukua tangu juzi. Majibu gani haya yasiyokuja?” Nilimwamkia kwanza, kwa kuwa hasira yake ilikuwa na sababu. Mumewe alikuwa ametoka India, alikorekebishwa uvimbe wa aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni) tumboni bila kupasuliwa: mrija wenye kitambaa cha poliesta hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi penye uvimbe, njia ambayo daktari wa upasuaji Juan Parodi aliitumia Buenos Aires, Argentina, mwaka 1990. Alirudi akiwa na homa ya nyuzi 38.4 na seli nyeupe za damu zilizopanda, na kipimo cha malaria kilikuwa hasi, jambo ambalo huku kwetu ziwani huwakosesha watu imani na maabara.

Mwili unaweza kuupokea mrija huo, pamoja na damu iliyoganda ndani ya uvimbe, kwa homa isiyo na kimelea, ambayo kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Poliesta huichochea zaidi kuliko vitambaa vingine. Tatizo ni kwamba mrija ulioshambuliwa na bakteria nao huanza kwa homa na seli nyeupe zilezile, na huo huweza kuua. Ndiyo maana damu huoteshwa, yaani huwekwa kwenye chupa zenye lishe ili bakteria wakue kama wamo, na bakteria hawaharakishwi na mtu aliyesimama dirishani.

Nilimweleza hayo, akaondoka, akarudi akiwa na mwanawe aliyetaka “sindano za nguvu” zianze mara moja, nikarudia yote tangu mwanzo. Katikati ya maelezo umeme ukakatika, tukakimbilia jenereta kabla inkubeta haijapoa. Chakula cha mchana sikukiona.

Alasiri, saa 48 zilipotimia, chupa zote zilikuwa hazijaotesha kitu. Daktari aliendelea na dawa za kutuliza homa na mwitikio wa mwili, antibiotiki akaziweka kando.

“Kwa hiyo hamkuona kitu?” mama aliuliza.

“Hatukuona, mama, na hicho ndicho daktari alichotaka kujua.”

Aliomba karatasi yenye muhuri. Nilimpa ya awali, nikamwandikia tarehe ya majibu kamili, kwa kuwa chupa hukaa hadi siku ya 5.